Kisu cha kukunja huanza kufa kwenye kiungo

Swali: Mimi ni baharia katika mashua inayowachukua wageni kutoka Lamu mjini kwenda Manda, Takwa na wakati mwingine Kipungani. Kisu cha kukunja nilichokuwa nacho kiliota kutu kabla ya miezi minne kwisha, kisha kile kibamba cha ndani kinachozuia ubapa usijifunge kikalegea, nao ubapa ukanifungia kidoleni nilipokuwa nikikata kamba. Nataka kununua kingine cha kukaa nacho mfukoni kila siku, kazini na nyumbani. Rafiki yangu ananishauri nitafute chenye chuma kigumu zaidi, kile kinachoitwa D2, na ubapa mrefu. Je, nifuate ushauri wake?

Jibu: Pole kwa kidole, ndugu yangu. Ushauri wa rafiki yako ungemfaa mtu wa Nyeri anayekata kamba za magunia na kuchonga vijiti, lakini wewe unafanya kazi mahali ambapo suruali hulowa maji ya chumvi asubuhi, hukaukia mwilini mchana, na hulowa tena jioni wakati wa kuwashusha wageni. Nitaanza na hicho chuma cha D2, kwa kuwa ndicho ulichokiulizia, kisha nitakwenda kwenye jambo ambalo hukuliuliza na ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililokiua kisu chako cha kwanza.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kila kisu kilikuwa kikiota kutu, hata kile cha feleji bora kabisa, na wazee wetu hawakuona ajabu: walikipangusa, wakakipaka mafuta, wakakirudisha alani. Chuma kisichoshika kutu upesi kilianza kupata jina mwaka wa 1913, Harry Brearley alipokuwa akifanya majaribio yake Sheffield, Uingereza, na siri yake ni madini ya kromiamu. Kromiamu ikifikia kiasi cha asilimia 10.5 ya mchanganyiko au kuzidi hapo, hutandaza juu ya chuma utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia hewa na maji visikile chuma. Ukisoma kwamba D2 ina kromiamu karibu asilimia 12, utadhani imesalimika. Tatizo ni kwamba chuma hicho kina pia kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 1.5, na kaboni ina tabia ya kuivuta kromiamu na kuungana nayo kuwa vichembe vigumu sana. Vichembe hivyo ndivyo vinavyoyafanya makali ya D2 yadumu muda mrefu, lakini kromiamu iliyofungwa humo haiwezi tena kutandaza ule utando, na inayobaki huru haitoshi mbele ya chumvi. Isitoshe, chumvi ya bahari haikili chuma kwa mapana kama mvua inavyokula bati. Huchagua nukta moja na kuitoboa, ukaja ukaona vishimo vidogo vyeusi kama vya sindano, na vikiwa kwenye makali, kisu huwa na mapengo ambayo hakuna kinoo kitakachoyaondoa kwa siku moja.

Kinachokufaa ni chuma chenye kaboni ya kiasi, asilimia 0.5 au 0.6 hivi, na kromiamu asilimia 13 hadi 15. Katika kundi hilo utakuta 12C27 na 14C28N, ambazo asili yake ni Uswidi, na 1.4116 ya Ujerumani, inayotumika pia katika visu vingi vya jikoni. 8Cr13MoV ya China, ambayo imejaa katika visu vya bei nafuu, ina kaboni karibu asilimia 0.8, si mbaya, ila itakudai uiangalie kila jioni. Mbali na hizo kuna vyuma ambavyo nitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, kama H1 na LC200N, ambavyo unaweza kuvisahau katika ndoo ya chambo usiku kucha ukavikuta kama ulivyoviacha. Hivyo ni ghali, na mara nyingi huletwa na mtu anayesafiri, lakini ukikipata kisu cha namna hiyo na mfuko ukaruhusu, kinunue na usiniulize mara ya pili.

Kuhusu ugumu, mafundi huupima kwa kipimo cha Rockwell: namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi. Kile kisu chekundu cha Uswisi kinachojulikana dunia nzima kina ugumu wa kiasi cha 56, na D2 iliyopikwa vizuri hufikia 60. Ukisimuliwa dukani, tofauti hiyo huonekana kubwa. Kazini kwako maana yake ni kwamba cha kwanza utakinoa kila wiki kwa dakika 5, na cha pili utakinoa mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa, huku ukikilaani.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuliuliza. Watu wakinunua kisu cha kukunja hutazama ubapa, nami huletewa visu vingi ambavyo ubapa wake hauna neno. Kisu kinafika mezani kwangu kiking'aa, mwenyewe anasema hakifunguki ila kwa meno. Nikizitoa skrubu na kuyatenganisha mabamba mawili ya mpini, nakuta pale kiungoni, kwenye ule msumari ambao ubapa huzungukia, unga wa rangi ya binzari umejaa hadi umeziba. Chini yake zile washa (vipete bapa) mbili nyembamba zimeshikana na chuma kama zimegundishwa, na ndani ya unga huo mna chembe za mchanga mweupe wa Shela, chumvi iliyoganda, na uzi mmoja wa kikoi uliojizungusha mara tatu. Ubapa hupanguswa kwa sababu unaonekana. Kiungo hakionekani, maji yakiingia humo hayatoki kwa urahisi, na kila yanapokauka huacha chumvi juu ya chumvi. Kwa hiyo kisu cha kukunja cha mtu wa bahari huchaguliwa kuanzia kiungoni kwenda nje, wala si kuanzia ncha ya ubapa kurudi nyuma.

Hapo ndipo ilipoharibika loki yako pia. Kisu cha aina uliyoieleza kina kibamba chembamba cha chuma ndani ya mpini ambacho, ubapa ukifunguka, huchepuka na kuingia nyuma ya kisigino chake, yaani mwisho wa ubapa ulio kiungoni, na kuuzuia usirudi. Ili kikamate, ni lazima kiingie chote na kigusane na kisigino kwa uso safi. Chembe ya mchanga ikikaa kati yao, au kutu ikiulainisha ukingo wa kibamba, loki hulia ile sauti yake ya kawaida nawe unaridhika, kumbe imeshika kwa unywele tu. Ukiubana ubapa kwenye kamba nene na kuupinda kidogo, kibamba huteleza. Nina hakika kwamba ukikimulika kwa tochi leo utauona ukingo huo umepakwa rangi ya kahawia.

Loki ziko za aina nyingi, nami nitazitaja zile tu utakazokutana nazo. Ipo loki ya mgongoni, ambayo ni wenzo mrefu ulio upande wa juu wa mpini, unaobonyezwa kwa kidole ili kuufunga ubapa. Kampuni ya Buck ya Marekani iliipa umaarufu kwa kisu chake cha 110 katika miaka ya 1960, na mimi naipendelea kwa kazi yako kwa sababu vidole havipiti mbele ya makali wakati wa kufunga na kwa sababu haijali mkono unaotumia. Ubaya wake ni mfuo ulio chini ya wenzo, ambao mchanga huupenda. Ipo loki ya pete, ya visu vya Opinel vya Ufaransa, iliyobuniwa mwaka wa 1955: pete ya chuma huzungushwa shingoni mwa mpini ikauziba mlango wa ubapa. Ni loki rahisi kuliko zote kuielewa, huoshwa kwa maji na kidole, na ningekusukumia kisu hicho bila kusita kama mpini wake usingekuwa wa mti. Mti huo huvimba. Wakati wa mvua za masika ubapa hubanwa na mpini hata ukucha wako hauwezi kuutoa, na wenye navyo hujifunza kukipiga kitako cha mpini kwenye ubao ili ubapa uchomoze kidogo. Nyumbani hilo ni jambo la kuchekesha. Kwenye mashua silipendi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinifika. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa tukipita Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, maji yakipwa, kamba ya nailoni ilijizungusha kwenye rafadha, mkondo ukawa unatusukuma kwenye mikoko, nami nikatoa mfukoni kisu changu cha kukunja nilichokuwa nikijisifia. Niliuvuta ubapa kwa ukucha mara nne, mkono mmoja ukiwa umeshika ubavu wa chombo. Ubapa haukutoka hata nusu. Kamba ilikatwa na kijana wa jikoni kwa kisu cha kuparia samaki, nami nikarudi mjini na ukucha uliong'oka. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimekiosha kisu hicho wiki nzima. Tangu hapo, kila baharia anayeniuliza humwambia kwamba kisu cha kukunja ni cha kazi za kila siku, lakini chombo chenyewe kiwe na kisu kisichokunjika, ndani ya ala, kimefungwa karibu na usukani mahali ambapo kila mtu anapajua. Mwombe nahodha wako akiweke hapo.

Turudi mfukoni mwako. Rafiki yako amesema ubapa uwe mrefu. Mimi nasema upana wa vidole vyako vinne unatosha, yaani sentimita 7 hadi 8.5. Kamba unazozikata, mshipi wa kuvulia, kifuniko cha chupa ya maji, embe la mgeni, mfuko wa barafu, vyote humalizwa na ubapa wa kiasi hicho, na ubapa mrefu zaidi huongeza nguvu ya wenzo dhidi ya loki yako kila unapoupinda. Ncha ni jambo la kutafakari. Mabaharia wa Ulaya walizoea ubapa ambao mgongo wake huinama ukakutana na makali mbele, bila ncha kali, kwa kuwa chombo kikiyumba mtu hujichoma au humchoma mwenziwe. Wewe unakaa na wageni na watoto wao kwenye mashua iliyojaa, kwa hiyo umbo hilo ningelichagua mimi, ingawa litakusumbua ukitaka kutumbua samaki. Kama samaki ni kazi yako ya kila siku, chukua chenye ncha na uvumilie.

Makali ya meno hukata kamba ya nailoni iliyolowa upesi kuliko makali laini. Hilo ni kweli. Lakini hayanoleki kwa kinoo cha kawaida, na vile visu vyenye meno nusu na makali nusu kwenye ubapa mfupi sioni vinamfaa nani, maana kila nusu ni fupi mno kwa kazi yake. Chagua makali laini, uyanoe.

Mpini uwe wa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, au plastiki nyingine ngumu yenye mikwaruzo ya kushikia, na ukiupata wa rangi ya machungwa usiuache kwa kuona haya. Kisu cheusi kikianguka chini ya sakafu ya mashua hakionekani hadi siku ya kupiga deki. Mpini wa chuma kitupu huteleza ukiwa na mafuta ya samaki mkononi.

Kisu kiwe kinafunguka kwa mkono mmoja, kwa tundu la ubapani au kijiti cha kusukumia kwa kidole gumba, kwa kuwa mkono wako wa pili mara nyingi una kamba. Usinunue kile kinachorusha ubapa chenyewe ukibonyeza kitufe: springi yake ni nyembamba, chumvi huimaliza, na kitakuletea maneno usiyoyahitaji na askari. Kisha kuna suala la vazi. Siku ya suruali, klipu itakishika kisu kwenye ukingo wa mfuko. Siku ya kikoi huna mfuko, na kisu kilichochomekwa kwenye pindo la kikoi huenda kikazama mara ya kwanza unaporuka gatini. Nunua chenye tundu kwenye kitako cha mpini, utie ugwe wa urefu wa dhiraa moja na kuufunga kwenye mshipi wa kiunoni. Usiufunge kwenye kifundo cha mkono, kwani kamba inayokimbia ikiunasa ugwe huo itakwenda na mkono pia.

Ukifika dukani, kifungue kisu polepole karibu na sikio, usisikie mkwaruzo. Ushike mpini kwa mkono mmoja na ncha ya ubapa kwa mwingine, uutikise kushoto na kulia: ukicheza leo kikiwa kipya, baada ya mwezi utacheza dansi. Kifunge, ukiinue kwenye mwanga, uhakikishe ncha imezama ndani ya mpini na haichungulii. Kisha, vidole vikiwa nje ya njia ya ubapa, ukigandamize mgongo wake kwenye ukingo wa meza uone kama loki inashika. Tazama kama mpini uko wazi mgongoni, ili maji yapite kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kama umeunganishwa kwa skrubu badala ya riveti, maana chenye skrubu utakifungua mwenyewe siku ya kukisafisha. Muuzaji akikutolea sumaku kukuthibitishia kwamba chuma kinachonasa ni kibovu, msikilize kwa adabu tu, kwani karibu chuma chote kinachofaa kwa ubapa hunasa sumaku, kiwe kinashika kutu au hakishiki. Na neno "stainless" lililopigwa ubavuni halikuelezi ni chuma gani. Usipoona jina la chuma kwenye ubapa wala kwenye boksi, lipa kama mtu anayenunua asichokijua.

Utunzaji wake hauchukui muda wa kikombe cha kahawa. Jioni kifungue, ukimwagie maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukifungue na kukifunga ndani ya maji mara kumi. Visima vingi vya mjini maji yake yana magadi na chumvi, kwa hiyo tumia ya mfereji au ya kunywa. Nusu glasi inatosha. Kikung'ute, kiache wazi kikauke mahali penye upepo, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kiungoni. Mafuta ya kupikia usiyatie humo, kwa sababu baada ya siku chache hugeuka gundi. Ya nazi yanafaa kupaka ubapani kama unakatia matunda. Kunoa nako kusikutishe: usimamishe ubapa wima juu ya kinoo, uulaze hadi nusu, kisha nusu ya hiyo nusu, na hapo uko karibu na nyuzi 22, ambazo zinakutosha. Ukiwa huna kinoo, geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyo na rangi ni kinoo kizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu sheria, kisu cha kazi hakikufanyi mhalifu, lakini sababu ya kuwa nacho ndiyo inayotazamwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya sheria za Kenya, katika kifungu cha 88 humtia hatiani anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Baharia aliye gatini na kisu kidogo chenye ugwe ana la kujieleza; mtu huyo huyo akiwa nacho usiku katikati ya umati wa Maulidi hana. Kiache nyumbani siku hizo, na siku za mikutano ya siasa. Ukisafiri kwa basi kutoka Mokowe kwenda Garsen, kitie ndani ya begi pamoja na vifaa vyako vya kazi, na kwenye vizuizi ukiulizwa ukitaje kabla hakijapatikana. Uwanja wa ndege wa Manda hakipandi nawe. Kitie katika mzigo unaokabidhiwa, au watakuchukulia.

Kisu chako cha zamani usikitupe. Kiloweke usiku mmoja kwenye siki, ukisugue kwa mswaki mkuukuu, ukioshe na kukitia mafuta, kisha umulike ule ukingo wa kibamba. Ukiwa umelika ukawa wa mviringo, loki hiyo haitengenezeki kwa kusafishwa: toa ubapa, utupe mpini, na uniletee ubapa huo niutilie mpini wa mkoko usiokunjika. Utakuwa kisu cha embe cha nyumbani, nao watoto hawatahitaji kujua kilichotokea kwenye kidole chako.